Uza ng'ombe angali na nyama

Leo Jumapili huenda una kilo ya nyama jikoni, na bei yake umekwisha kuilalamikia. Kabla hujamlaani mwenye bucha, twende pamoja Nadapal. Ukitoka Lodwar, ukapita Kakuma na Lokichoggio, barabara inakufikisha huko, mpakani mwa Kenya na Sudan Kusini.

Chukua kalamu tupige hesabu. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 huhitaji kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, na katika joto la Turkana hunywa lita 40 hivi za maji. Mwenye ng'ombe 20 basi hutafuta kilo 120 za nyasi na lita 800 za maji kila kukicha. Robota moja likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 240 kwa mwezi. Tuseme kila moja ni shilingi 250: jumla ni shilingi 60,000, bila gharama ya lori kutoka Kitale! Maji nayo huchotwa katika visima vya mchangani, mtoni palipokauka, debe kwa debe.

Ndiyo maana mfugaji wa huko hanunui lishe, bali huhama kuifuata. Lakini malisho ya mpakani Waturkana na Watoposa wameyagombania miaka mingi, na penye nyasi huenda pana bunduki.

Utauliza, je, mathenge uliojaa Turkana? Maganda yake yana sukari na hunenepesha yakisagwa na kuchanganywa na nyasi. Yakiliwa peke yake, huharibu meno ya mifugo. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi!

Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Wengi walikuwa wakingoja mvua. Usiwacheke, ndugu yangu. Ng'ombe ni benki, ni mahari, ni karo. Tena mvua yenyewe ikija huua: ng'ombe aliyedhoofika hufa kwa baridi ya usiku wa kwanza, au hufura tumbo kwa majani mabichi.

Dawa ni kuuza mapema. Mvua zinapokatika, madume yangali yamenona, uza baadhi, ubaki na mitamba na majike yanayozaa. Fedha hizo ndizo zitanunua lishe ya waliobaki. Bima ya mifugo nayo, ambayo serikali iliianzisha Turkana na Wajir mwaka 2015, humsaidia mfugaji malisho yakikauka.

Kwa hivyo wewe mwanafunzi, au mfanyakazi wa mjini mwenye baba au mjomba mfugaji, mpigie simu mvua zinapoisha, usingoje mizoga ihesabiwe. Anayengoja sana huishia kuuza ngozi.