Barua Iliyofichwa Lord's

Yapo maneno ambayo wakubwa hupenda kuyakariri, kuwa mchezo ni mchezo na siasa ni siasa, wala haifai viwili hivi kuchanganywa. Ni maneno matamu masikioni. Lakini kila ayasemaye yapasa aulizwe: ni nani aliyevichanganya kwanza? Jawabu yake imo katika khitilafu kubwa iliyozuka katika kriketi mwaka 1968, kwa ajili ya mtu mmoja, Basil D'Oliveira.

Bwana huyu alizaliwa Cape Town mwaka 1931, naye hakuwa Mzungu. Jina lake si geni kabisa kwetu Afrika ya Mashariki, kwani mwaka 1958 alikuja pande hizi akiwa nahodha wa timu ya wachezaji wasiokuwa Wazungu wa nchi yake. Juu ya ustadi wake wote, kwao hakuwa na njia ya kuingia timu ya taifa. Timu ile ilikuwa ya Wazungu watupu, na katika mechi kubwa za kimataifa haikucheza ila na Uingereza, Australia na New Zealand. Basi mwaka 1960 akahamia Uingereza, na mwaka 1966 akaanza kuichezea nchi hiyo. Hapo kila mwenye insafu ataona kuwa siasa ilikwisha ingia uwanjani zamani, tena kwa mlango wa mbele.

Mwezi wa Agosti 1968, katika kiwanja cha Oval mjini London, D'Oliveira aliwapiga Waaustralia mikimbio 158, na Uingereza ikashinda. Mara tu baada ya mechi hiyo wachaguzi walikutana kuchagua timu ya kwenda Afrika ya Kusini. Tarehe 28 Agosti majina yakatangazwa, na lake halimo! Tukaambiwa kuwa ni hukumu ya mchezo tu, na kwamba wako waliomzidi.

Baadaye yakadhihirika yaliyokuwa yamestirika. Mwezi wa Machi mwaka ule ule, Lord Cobham alikuwa ameonana na Waziri Mkuu Vorster, naye akamwambia wazi kuwa D'Oliveira akichaguliwa, safari haitakuwapo. Khabari hiyo ikaandikwa barua, na barua ikafika kwa wakubwa wachache wa klabu ya MCC huko Lord's. Wao wakaificha, kamati nzima haikusomewa. Na baadhi yao walioijua siri hiyo wakakaa katika mkutano ule ule wa kuchagua timu.

Wako wanaowatetea, wakisema kuwa barua ilifichwa ili wachaguzi wasiingiwe na khofu, wapime mchezo peke yake. Ingekuwa hivyo, basi walioijua wangetoka nje ya chumba. Sisi wenye maduka twaelewa jambo hili vizuri. Mizani haiibi yenyewe. Huiba kidole kilichoegemezwa kwenye sahani, na mnunuzi haoni ila mshale uliosimama sawa.

Yaliyofuata yalikuwa fedheha. Mchezaji mmoja, Tom Cartwright, akajitoa kwa kuumia, na tarehe 16 Septemba D'Oliveira akatiwa mahala pake. Siku ya pili Vorster akaikataa timu, akidai kuwa si ya MCC bali ni ya wapinzani wa ubaguzi. Tarehe 24 Septemba safari ikavunjwa. Hivyo walioficha barua ili waiokoe safari, safari waliikosa, na heshima waliipoteza.

Lakini tusiwasahau wanachama wa kawaida wa klabu ile. Mwezi wa Disemba 1968 baadhi yao, miongoni mwao David Sheppard, aliyekuwa mchezaji na mtu wa dini, walilazimisha mkutano mkuu na kuwataka wakubwa hisabu. Kura ziliwashinda, lakini haki haikushindwa. Safari ya Afrika ya Kusini kwenda Uingereza mwaka 1970 ilifutwa, na tangu mwaka huo hata 1992 nchi ile haikucheza tena mechi rasmi ya kimataifa ya daraja ya juu. D'Oliveira alifariki mwaka 2011, baada ya kuona kuwa tangu 2004 Uingereza na Afrika ya Kusini hushindania kombe lenye jina lake.

Vorster alidhulumu mchana, na dhulma ya mchana hupata wa kuipinga. Ya hatari zaidi ni ile ya wenye adabu na sauti ya upole, wanaokunja barua na kuitia mfukoni, kisha wakawaita wenzao kupiga kura. Kwa hivyo, Ndugu Wanachama, kila tuitwapo kukata shauri, katika klabu, katika tawi au katika baraza, tusikubali kunyanyua mkono kabla ya kuuliza: je, barua zote zimesomwa?