BUSTANI YA NYUMBANI: Karoti au kotmiri, tupande nini?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na akina mama watatu wa bloku tofauti: "Mwalimu, gunia ninalo moja tu, na maji ni ya kuhesabu. Nipande karoti au kotmiri?" Swali zuri sana. Mgao wetu hauna mboga, na mwaka 2025 WFP ilipunguza tena chakula katika kambi za Kenya. Kwa hiyo gunia moja lililo mlangoni si mchezo wa watoto. Tulijibu pamoja.

KWANZA, NI NDUGU
Karoti na kotmiri ni mimea ya ukoo mmoja. Wengine huiita kotmiri dania au giligilani, na majirani zetu Wasomali huiita kabsar. Angalia majani yake yakiwa machanga, utaona yamekatika katika kama ya karoti. Zikitoa maua, maua hukaa kama mwavuli uliofunguliwa. Bizari nyembamba ya pilau na shamari nazo ni za ukoo huo huo. Huko Ulaya kuna ndugu mwingine aitwaye shevili, majani yake Wafaransa huyatia kwenye supu na mayai. Huyo hapendi joto hata kidogo. Basi ukiletewa pakiti yake na jamaa aliye ng'ambo, mshukuru, lakini usiitegemee huku kwetu. Kazi yake jikoni kotmiri huifanya.

Ndugu hawa wawili wana tabia moja: mzizi wao mkuu huenda chini moja kwa moja, na hawapendi kung'olewa na kuhamishwa. Kwa hiyo usioteshe kwenye kitalu. Mwaga mbegu pale pale zitakapokua.

PILI, TOFAUTI ZAO
Siku: Kotmiri huota baada ya wiki moja mpaka mbili, na kwa wiki tano au sita unaanza kukata majani. Karoti hukawia. Kuota tu ni wiki mbili na hata tatu, na kuvuna ni miezi mitatu hivi. Hesabu maji ya miezi mitatu, halafu hesabu maji ya wiki sita. Si sawa.

Joto: Karoti ni mtoto wa baridi. Hapa Kenya hulimwa sana sehemu za juu kama Nyandarua, Molo na Meru. Kwenye joto letu mizizi huwa mifupi na rangi hupauka. Muhula uliopita watoto wa darasani kwetu walivuna karoti za urefu wa kidole gumba. Walizila zote, wala hakuna aliyelalamika! Kotmiri nayo joto huiharakisha, inakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa machache. Dawa yake ni kuiweka kwenye kivuli cha mchana, na kupanda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili.

Mbegu: Hapa ndipo penye jambo kubwa. Karoti haitoi mbegu mpaka ipitishe wiki kadhaa za baridi kali, na baridi hiyo hapa hatuna. Maana yake kila msimu utanunua pakiti mpya. Kotmiri ikitoa maua, baada ya miezi mitatu au minne tangu kupanda unapata mbegu zako mwenyewe: nyingine za kupikia, nyingine za kupanda tena. Hata ya kuanzia si lazima ununue pakiti. Nenda dukani ununue giligilani nzima, ile isiyokaangwa wala kusagwa. Ile punje ya mviringo ndani ina mbegu mbili. Isugue polepole kwa chupa mpaka igawanyike, iloweke usiku mmoja, kisha panda.

Lishe: Hapa karoti inashinda. Ile rangi yake hugeuka vitamini A mwilini, na mtoto asiyeipata ya kutosha anaweza kushindwa kuona jioni giza linapoingia. Majani ya kotmiri pia yanayo, lakini nani atakula sahani nzima ya kotmiri? Karoti ipike na mafuta kidogo, mwili utaichukua vizuri zaidi. Na majani ya karoti usitupe. Yale machanga huliwa, yakatekate uchanganye na sukuma wiki.

TATU, JINSI YA KUPANDA
1. Changanya mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi na mawe huifanya karoti igawanyike miguu miwili mitatu.
2. Karoti ipandwe juu ya gunia tu, si kwenye matundu ya ubavuni. Udongo uwe laini, kina cha futi moja. Kotmiri mwage pembezoni au kwenye matundu.
3. Mbegu za karoti ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage. Funika na kipande cha gunia kilicholowa. Usiache pakauke hata siku moja. Ukiona miche ya kwanza tu, ondoa hilo gunia.
4. Ikifika urefu wa kidole, punguza. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya mche na mche. Inauma kung'oa, lakini ukiona huruma utavuna nyuzi.
5. Maji ya udhu na ya kuoshea mchele yakinge kwenye beseni, umwagilie jioni. Maji ya sabuni usimwagie.

JIBU LANGU
Mwenye gunia moja na maji machache, aanze na kotmiri. Inalipa haraka, na fungu linalobaki unaweza kuuza au kubadilishana na jirani kwa nyanya. Ukipata gunia la pili, weka karoti, lakini kwa majira yake. Wazee wetu wa Kibajuni walijua bahari kwa kusi na kaskazi, na bustani nayo ni hivyo hivyo. Kaskazi ni joto, iache ipite. Karoti ipande mwezi wa tano mwishoni, ikue katika Juni, Julai na Agosti ambapo kuna nafuu.

Neno kwa wanaofikiria kurudi. Tangu mpango wa kurudi kwa hiari ulipoanza Desemba 2014, familia nyingi zimekwenda Kismayo. Kule bara karibu na mto Juba, upande wa Gobwen, udongo na maji yapo. Lakini visiwani, Chula, Chovai, Koyama, udongo ni haba juu ya mawe na visima vingi vina chumvi. Karoti ni katika mboga zisizovumilia chumvi kabisa. Kotmiri nayo haipendi chumvi nyingi, ila wiki zake ni chache, pengine maji ya mvua uliyokinga yakaitosha. Mimi nimezaliwa hapa kambini, visiwa navijua kwa masimulizi ya wazee tu. Lakini najua kwamba mbegu ulizovuna mwenyewe hazihitaji kadi ya mgao. Zikaushe kivulini, zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uziweke mahali pasipo joto.

Watoto wapeni kazi ya kumwagilia na kuhesabu siku mpaka mbegu zitakapoota. Hiyo nayo ni hesabu, na wakija darasani nitawauliza!

Mwezi ujao inshallah tutazungumza juu ya mchwa na wadudu wa bamia. Mwenye swali amtume mtoto nalo shuleni.

Wabillahi tawfiq.
Mwalimu wenu