Makayabo ni ya sufuria, si ya kidonda

Baba na mama wa kambi, mtoto wa jirani yetu hapa Likasi aliungua mkono kwa maji ya bukari. Kabla ya kufika kwa munganga, watu walikuwa wamekwisha kumpaka mafuta ya mawese, dawa ya meno na unga. Ilikuwa lazima kuondoa kwanza uchafu huo wote, na mtoto alilia kuliko alipoungua.

Sasa kuna habari nyingine: ngozi ya samaki inaponyesha vidonda vya moto. Habari hiyo ni ya kweli, lakini isikieni mpaka mwisho.

Kule Iceland wanatumia ngozi ya samaki wa bahari ya baridi, yule ambaye akitiwa chumvi sisi tunamwita makayabo. Lakini ngozi hiyo husafishwa, hukaushwa kwa mashini na kuuawa vijidudu vyote. Haitoki sokoni.

Kule Fortaleza, nchini Brazil, waganga walichukua ngozi ya tilapia, samaki wa asili ya Afrika yetu, wakaisafisha vilevile. Kisha wakaipima kwa wagonjwa 115: wengine ngozi, wengine dawa ya kawaida ya kupaka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kupona kulipishana kidogo tu: siku 9.7 kwa ngozi, siku 10.2 kwa dawa. Faida kubwa ilikuwa nyingine: bandeji zilibadilishwa mara chache, na maumivu yakapungua. Aliyewahi kubanduliwa bandeji juu ya kidonda cha moto anajua maana yake.

Mimi nasema: dawa ya asili si ya kuchekwa, wala si ya kuaminiwa kabla ya kupimwa. Ngozi mbichi ya samaki inaingiza vijidudu katika kidonda.

Kwa hiyo, mtu akiungua, mwageni maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Vueni pete na nguo, isipokuwa iliyoshikamana na ngozi. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali. Mtumishi aliyemwagikiwa asidi avue nguo mara moja, akae chini ya maji mengi kwa muda mrefu, wala asione haya.

Na mbabula iwekwe mbali na watoto.

Makayabo tuyaache katika sufuria. Kwa kidonda cha moto, maji kwanza, munganga pili.