Nyapara na Mtu Mwenye Kinyongo

Katika mashamba ya chai ya Kericho, nyapara aweza kuteuliwa miongoni mwa wachumaji wenyewe; na yule aliyekitumaini cheo akakikosa, hubaki chini ya mwenzake akiwa na kinyongo. Huitika kwa shida, hufika mizanini kwa kuchelewa, na kapuni huchanganya majani magumu.

Nyapara mwenye busara hamkaripii mbele ya kikosi. Humwita kando, humsikiliza kwanza, kisha humwonyesha kosa lenyewe: yatakiwa majani mawili na chipukizi. Akiwa ni mzee kwake, humwamkia kwa heshima, lakini kipimo cha kazi ni kile kile kwa wote.

Akikaidi, sheria ifuatwe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chaagiza kwamba, kabla ya kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbovu, mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mwenziwe au mjumbe wa chama amchaguaye, naye asikilizwe. Basi nyapara na aandike makosa ya kazi. Uso uliokunjwa si kosa.