Usafi wa mtambo wa majitaka haupimwi mtoni pekee

MKAZI wa Nairobi anapomwaga maji chooni, aghalabu hudhani kwamba safari ya uchafu huo imekomea hapo. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Sehemu kubwa ya majitaka yanayoingia katika mabomba ya jiji huelekezwa Ruai, uliko mtambo wa Dandora uliobuniwa kusafisha takriban mita 160,000 za ujazo kwa siku. Kutoka hapo maji huingia Mto Nairobi, yakajiunga na Mto Athi, yakapita Ukambani na hatimaye kumwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki.

Kwa miaka mingi, mtambo wa aina hii umekuwa ukiulizwa swali moja tu: je, maji yanayotoka ni safi kiasi gani? Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, mathalan, ziliagiza kwamba oksijeni inayohitajiwa na viini ili kuozesha uchafu uliosalia majini isizidi miligramu 30 kwa lita.

Swali hilo ni muhimu, lakini halitoshi. Ipo njia pana zaidi, yaani tathmini ya mzunguko mzima wa maisha, ambayo misingi yake imewekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango katika ISO 14040 ya 2006. Hapo huhesabiwa saruji na vyuma vya ujenzi, umeme, kemikali, gesi na tope linalobaki, hadi siku mtambo unapobomolewa.

Dandora ni mfano mwafaka. Mtambo huo hutegemea msururu wa vidimbwi ambamo viini, jua na upepo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Hautumii umeme mwingi, na kwa mtazamo wa haraka hauna lawama.

Hata hivyo, vidimbwi vya kwanza ni vya kina kirefu na havina oksijeni. Uchafu unapooza humo hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto duniani takriban mara 28 kuliko uzani sawa wa kaboni dayoksaidi. Isiponaswa, hupaa angani bila kuonekana na yeyote anayepima maji mtoni.

Mitambo inayopuliza hewa majini hupunguza tatizo hilo, ila hula umeme usiku na mchana. Katika mataifa yanayochoma makaa ya mawe, umeme huo ni mzigo mkubwa kwa mazingira. Nchini Kenya, takriban asilimia 90 ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hivyo, matokeo ya utafiti wa ng'ambo hayawezi kubandikwa hapa jinsi yalivyo.

Linalobaki ni gharama. Bili isipolipwa, mashine husimama na uchafu hupita moja kwa moja hadi mtoni.

Kisha kuna tope. Likitibiwa vyema, hurejesha naitrojeni na fosforasi shambani na kupunguza haja ya mbolea za viwandani. Lakini viwanda vikimwaga metali nzito katika mabomba yayo hayo, mkulima atakuwa ameruka majivu na kukanyaga moto. Usafi wa tope huanzia kwenye lango la kiwanda.

Hesabu hizi zisigeuzwe kisingizio cha kuahirisha ujenzi. Majitaka yasiyosafishwa nayo yana madhara yake: hutoa methani katika vyoo vya shimo, hueneza maradhi, na hunyunyiziwa mboga zinazouzwa sokoni. Aidha, bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mnamo 2018, linategemea maji ya Athi. Rutuba ya majitaka ikirundikana bwawani hustawisha mwani na kuharibu maji ya kunywa.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 hudai tathmini ya athari kabla ya ujenzi wa miradi kama hii. Lakini tathmini hiyo huelekeza macho zaidi kwenye eneo la mradi, ilhali methani na umeme havina mpaka.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maji na usafi. Kabla ya kutia saini kandarasi, kila kaunti haina budi kuuliza: Gesi itanaswa vipi? Nani atalipia umeme baada ya wafadhili kuondoka? Tope litapelekwa wapi?

Majibu yanapaswa kuwa katika hati za zabuni, kwani mtambo ukishajengwa hudumu kwa miongo mingi, na makosa yake hudumu nao. Atakayeyalipia si aliyetia saini, bali mwanakijiji wa Makueni anayeteka maji mtoni.