Lililo Dhahiri Lisilipiwe Kodi

Mkulima wa Mikumi apaliliaye mahindi yake kwa jembe la mkono huenda hajapata kulisikia neno hataza. Lakini neno hilo laweza siku moja kuamua kama ana haki ya kuweka debe la mbegu kwa msimu ujao.

Hataza ni haki ya pekee apewayo mvumbuzi kwa muda maalumu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1987 haimpi haki hiyo kila aombaye. Uvumbuzi sharti uwe mpya, uwe na matumizi, na usiwe jambo lililo dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani ile. Sheria hiyo haitoi hataza kwa aina za mimea, lakini makampuni makubwa hudai kinasaba na njia ya kukipandikiza.

Soya ya Monsanto isiyouawa na dawa ya magugu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1996. Kinasaba chake kilitoka katika bakteria walioonekana wakiishi ndani ya taka za kiwanda cha dawa hiyo hiyo. Je, kutafuta kinga mahali ambapo viumbe wameizoea sumu si jambo dhahiri? Wapo wasemao kwamba mtaalamu yeyote angeanzia hapo. Wengine hujibu kwamba vimeng'enya vingi vilivyojaribiwa kabla havikufanya kazi vizuri ndani ya mmea. Pande zote mbili zina hoja. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilipomhukumu mkulima Bowman kwa kuzalisha mbegu hizo bila ruhusa, alitakiwa kulipa zaidi ya dola 84,000.

Wapo wadhanio kwamba suala hili lilikwisha Tanzania mwaka 2018, Serikali iliposimamisha majaribio ya mahindi ya namna hiyo huko Makutupora, Dodoma. Hiyo ni dhana potofu. Chini ya Itifaki ya Harare, ofisi ya ARIPO iliyoko Harare huweza kutoa hataza kwa ajili ya Tanzania, na nchi hupewa miezi 6 tu ya kuikataa. Jalada likilala mezani kwa miezi hiyo, ukimya huhesabiwa kuwa ni kibali.

Nani basi ataitambua hoja iliyo dhahiri? Ni mtu aliyezalisha mbegu kwa mikono yake. Kituo cha utafiti cha Ilonga, wilayani Kilosa, ndicho kilicholipa taifa mahindi ya Staha, yastahimiliyo ugonjwa wa milia. Wataalamu wa namna hiyo hawana budi kuulizwa kabla muda haujapita, na kituo chao hakina budi kupewa fedha na vijana.

Mtumishi wa ofisi asiache jalada lilale. Naye mwalimu wa sayansi wa Kilosa awafundishe wanafunzi kinasaba ni nini, wangali shuleni. Taifa lisilo na wajuzi wake litalipia hata lile lililokwisha kulijua.