Madini Adimu ya Kaskazini: Haki ya Kujua Itangulie Haki ya Kuchimba

Kutoka Nyawera, mjini Bukavu, barabara ya kaskazini hufuata Ziwa Kivu kupitia Kabare na Kalehe, kisha huingia Kivu Kaskazini, penye milima ya Masisi, misitu ya Walikale na nyanda za Rutshuru. Huko ndiko dunia imezoea kufuata koltani, kasiteriti na dhahabu. Siku hizi linaongezwa jina jingine: madini adimu, kundi la elementi 17. Bila baadhi yake, hasa neodimiamu na praseodimiamu, hazitengenezeki sumaku zenye nguvu zinazotumika katika magari ya umeme, mitambo ya upepo na silaha za kisasa. China husafisha takribani sehemu tisa kwa kumi za madini hayo, na Aprili 2025 ilipoweka masharti ya kuuza nje aina saba kati yake, viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani vilihangaika kutafuta chanzo kingine. Macho yao yameelekea Afrika, na Kongo haikosi kutajwa. Swali ambalo watu hulikimbilia ni kama madini haya yachimbwe au yaachwe. Kwa maoni yangu, swali hilo linafuata. Linalotangulia ni hili: nani atafanya utafiti, na atakachokigundua kitakuwa mali ya nani?

Utafiti wa madini haushtui mtu. Wataalamu huchota mchanga wa mito, hupima ardhi kwa ndege, huchimba mitaro, hutoboa miamba na kupeleka vipande vya mawe maabara, mara nyingi ng'ambo. Hakuna shimo kubwa wala msururu wa malori, kwa hiyo wanakijiji huwaona kama wageni wapita njia. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, humpa mwenye kibali cha utafiti eneo lake peke yake, pamoja na haki ya kuomba kibali cha kuchimba alichokigundua humo. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa utawala wa mahali madini yanapotoka, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inataka pia asilimia 0.3 ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii. Ni masharti mazuri, ila yote hungoja uzalishaji uanze. Kufikia siku hiyo ramani imeshachorwa, thamani imeshakadiriwa na mkataba umeshaandikwa na wale waliokuwa na takwimu mkononi. Hata amri ya Novemba 2018 iliyoorodhesha madini ya kimkakati, ambayo mrabaha wake ni asilimia 10, ilitaja kobalti, koltani na jerimaniamu; madini adimu hayakutajwa. Huwezi kudai bei ya kitu ambacho hujakiandika.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Lueshe, katika wilaya ya Rutshuru. Huko kuna mwamba wa aina ya kabonatiti, ambao ndio aina inayojulikana zaidi duniani kwa kubeba madini adimu, na wanajiolojia wameandika kuuhusu tangu zamani. Kampuni ya Somikivu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya Wajerumani na serikali ya Zaire ikiwa na asilimia 20, ilichimba humo pirokloro kwa ajili ya niobiamu hadi usalama ulipoharibika mwaka 1993. Baadaye serikali ya Kinshasa iliwapa haki hiyo watu wengine, wakati Rutshuru yenyewe ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD, na mzozo wa umiliki ukaendelea kwa miaka huku mawe yakisafirishwa nje. Kinachoniumiza katika habari hii si vita peke yake. Ni kwamba pande zote zilizogombania Lueshe zilijua kilichomo, isipokuwa wakulima wanaoishi juu yake na jimbo lililokuwa likihesabu malori. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Lueshe halikuwahi kukaa Kivu.

Jirani zetu wamepitia njia hiyohiyo na kutuachia funzo. Gakara, karibu na Bujumbura, Wabelgiji walichimba madini adimu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 2017 kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza kuchimba tena, Burundi ikiwa na hisa ya asilimia 10 na mzigo ukiwa umeahidiwa mnunuzi wa Ujerumani. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji, kisha kazi yote, ikisema haipati kinachoistahili. Mzozo kama huo ni rahisi kutokea katika biashara hii. Dhahabu ina bei inayotangazwa kila siku, lakini gunia la madini adimu ni mchanganyiko, na thamani yake hutegemea kiasi cha kila elementi ndani yake. Asiye na maabara huambiwa bei na mnunuzi. Tanzania ilijitahidi zaidi. Mradi wa Ngualla, mkoani Songwe, ulifanyiwa utafiti na kampuni ya Australia kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya leseni kutolewa mwaka 2023, na serikali ikapata hisa ya asilimia 16. Hata hivyo, mwaka 2025 kampuni hiyo ilinunuliwa na Shenghe ya China. Aliyetafiti hakuwa mchimbaji, aliuza alichokijua. Katika madini haya, maarifa ni bidhaa kabla jiwe halijawa bidhaa.

Kwa upande wetu bidhaa hiyo imeshaanza kupiganiwa. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kijiolojia za enzi ya ukoloni ipo Ubelgiji, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia saini makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa kutumia akili bandia, na kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa za kidijitali ni moja ya mambo yaliyomo katika makubaliano hayo. Desemba mwaka huohuo Kongo na Marekani zikatia saini ushirikiano wa kimkakati unaogusa madini. Kivu Kusini inaifahamu njia hii. Kampuni ya Kanada ya Banro ilipoinunua Sominki, kampuni ya madini ya Kivu, mwaka 1996, ilipata vibali pamoja na miaka mingi ya utafiti, na juu ya msingi huo ikajenga mgodi wa dhahabu wa Twangiza. Karatasi zile zilikuwa na thamani kuliko mashine chakavu za Sominki huko Kamituga.

Kuna watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumzia maabara na ramani. Mwanzoni mwa 2025 kundi la waasi la M23 liliichukua Goma, kisha Bukavu. Tangu 2024 lilikuwa limeshika Rubaya, penye migodi ya koltani huko Masisi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba lilikusanya huko takribani dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za koltani. Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuipuuza: hakuna mtafiti anayepaswa kutumwa mlimani chini ya mtutu wa bunduki. Lakini vita havijasimamisha upande mwingine wa kazi. Kumbukumbu zinasomwa, picha za setilaiti zinachambuliwa, mikataba inasainiwa katika miji ya mbali. Amani itakapokuja, wenye takwimu watafika wakiwa tayari, nasi tutaanza kuuliza maswali ya awali.

Wengine watasema, kwa uchungu unaoeleweka, kwamba afadhali tusijue kabisa, kwa kuwa kila madini yaliyogunduliwa Kivu yameleta bunduki. Naelewa hofu hiyo, ila kutojua hakujawahi kutulinda. Mahali pengi duniani mchanga wa kasiteriti huandamana na monaziti, jiwe lenye madini adimu pamoja na thoriamu, ambayo ina mionzi. Huko Bukit Merah, Malaysia, kiwanda kilichosafisha monaziti kutoka mabaki ya machimbo ya bati kilifungwa katika miaka ya 1990 baada ya wakazi kulalamika kuhusu afya zao, na usafishaji wa taka zake uligharimu takribani dola milioni 100. Wachimbaji wetu wa mikono huko Kalehe na Shabunda huosha kasiteriti kila siku kwa mikono mitupu, na magunia yao huandikwa kasiteriti, koltani au wolframu. Mchanga wao upimwe ili tujue kama una monaziti au hauna. Milima ya Kalehe, inayolisha masoko ya Bukavu likiwemo la Nyawera, haina nafasi ya majaribio: Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua zaidi ya watu 400. Anayetaka kukataa mgodi kwenye mteremko kama ule anahitaji vipimo vya udongo na maji kuliko anayetaka kuufungua.

Hoja ya mwisho ni ya wawekezaji: ukiwalazimisha kutoa takwimu, watakimbia. Australia, yenye makampuni mengi ya utafiti kuliko nchi nyingi, huyataka yawasilishe ripoti zao serikalini, na baada ya muda uliowekwa huzifungua kwa umma. Makampuni hayajakimbia. Kongo inaweza kuweka sharti kama hilo: nakala ya kila ripoti na nusu ya kila sampuli ibaki nchini, siri ya biashara ilindwe kwa miaka michache, kisha daftari lifunguliwe. Tena hatuanzi mikono mitupu. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kina idara ya jiolojia, na kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947, kipo Kabare, mwendo mfupi kutoka mjini. Wapewe nakala za kidijitali za kumbukumbu za Tervuren zinazohusu Kivu, vifaa vya kupima mchanga wa wachimbaji, na kazi ya kupima maji ya mito kabla ya kampuni yoyote kufika. Nalo bunge la jimbo lidai madini adimu yaingizwe katika orodha ya kimkakati sasa, kabla ya kibali cha kwanza cha kuchimba, kwa sababu mkataba ukishasainiwa kila badiliko huitwa uvunjaji wa ahadi. Chifu wa Kalehe anayeletewa karatasi ya kutia saini anastahili kuwa na ripoti ya mwanajiolojia wa Bukavu mezani pake, iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma, ili akikubali awe anajua anachokubali, na akikataa asiambiwe kwamba hajui anachokikataa.